Mlivua Mashati, Mkaficha Macho

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana watano wanaocheza densi hapa Tanga. Mwezi uliopita tulitoa video tuliyoiandaa kwa miezi mitatu: vifua wazi, mafuta ya nazi mwilini, miwani myeusi, ufukweni jua likizama. Tuliitengeneza kwa ajili ya wasichana, nasema ukweli. Waliotusifia karibu wote ni wanaume, wanauliza tunafanya mazoezi jimu gani. Wiki hiyohiyo mdogo wetu mmoja, mwembamba kuliko sote, alirekodiwa kwa simu na binti wa jirani tukiwa mazoezini. Amevaa shati la mikono mirefu, anacheza na mama anayetuletea vitumbua. Sekunde 40 tu. Wanawake wameisambaza mpaka Mombasa. Dada zangu wanasema ile yetu ni tangazo la mafuta. Naomba nieleweshe: mwanamke akimtazama mwanaume anayecheza, anatazama nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimezitazama zote mbili, ile ya ufukweni mara nne, ile ya simu sikuhesabu. Nafundisha densi na kupanga miondoko ya video kwa mwaka wa 22 sasa, na swali lako ni lile ambalo wavulana huniuliza wenzao wakishatoka darasani, wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Wewe umeuliza waziwazi, kwa hiyo nitakujibu waziwazi na kwa urefu.

Nianze na kitu ambacho naamini hamkukiona. Katika video nzima hakuna hata mmoja wenu aliyeonekana macho. Mlivua kila kinachoweza kuvuliwa kwa heshima, mkabakiza miwani. Halafu kamera ikafanya kazi ya bucha: kifua, bega, tumbo, mkono, kila kipande kivyake. Nilipofika mwisho niliweza kutambua tumbo la kila mmoja wenu, lakini tukipishana Barabara ya 12 kesho sitamjua hata mmoja.

Hilo lina historia. Mwaka 1975 Mwingereza Laura Mulvey, mchambuzi wa filamu, aliandika katika jarida la filamu liitwalo Screen kwamba sinema za Hollywood zimepangwa kwa jicho la mwanaume: yeye anatenda na kutazama, mwanamke anawekwa mbele atazamwe, na mara nyingi hadithi yenyewe husimama ili atazamwe vizuri. Wengi wanaishia hapo. Ndani ya makala hiyo kuna jambo jingine linalokuhusu zaidi: katika mpangilio huo, mwanaume haubebi mzigo wa kutazamwa kama kitu cha kutamanika. Miaka saba baadaye, katika jarida hilohilo, mchambuzi mwingine, Richard Dyer, akachunguza picha za wanaume zilizopigwa makusudi ili wanawake wazitazame. Alikuta kwamba wanaume wale wanaukwepa mtazamo huo hata wakiwa wamejianika. Macho yanaelekea juu au pembeni, au yanamkazia mtazamaji kama yanataka kumtoboa, na misuli imekakamaa hata pale mtu amelala chali. Kila kitu kwenye picha kinasema: mimi sitazamwi, mimi niko tayari kwa kazi.

Sasa irudie video yenu. Mmekakamaa kuanzia shingoni hadi vidoleni, na macho mmeyafungia nyuma ya vioo. Mwanaume mwenzenu anaisoma lugha hiyo bila shida, ndiyo maana anauliza jimu. Anapima. Dada yako hana cha kupima pale. Anatafuta mahali pa kuingia, na mlango umefungwa.

Naomba usinielewe vibaya. Kuna watu watakaokuambia wanawake hawajali mwili, wanajali moyo tu. Hiyo si kweli, na inatudhalilisha kidogo, kana kwamba sisi hatuna macho. Tunaona mabega. Tunaona shingo, viganja, mgongo wa mtu anapoinama kuokota kitu. Mwili unatazamwa, tena kwa makini. Ila mwanaume akiutoa mwili na kujiondoa yeye mwenyewe, tunabaki na nyama.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika bara letu uko mbali na hapa, Niger na Chad, kwa Wafulani wafugaji wanaoitwa Wodaabe. Mvua zinapokaribia kwisha, koo hukutana na wanaume hucheza kwa siku kadhaa, hata wiki nzima, ili wanawake wawahukumu. Mwanaume hutumia saa nyingi mbele ya kioo kidogo. Anapaka uso rangi, anachora mstari mweupe juu ya pua ionekane ndefu, anatia wanja machoni na midomoni ili weupe wa macho na meno ung'ae. Anafunga unyoya wa mbuni kichwani, na kwenye mstari anainuka kwa ncha za vidole ili aonekane mrefu zaidi. Kisha wasichana waliochaguliwa kuwa waamuzi hupita mbele ya mstari ule, kwa haya, na kumteua wanayemwona mzuri kuliko wote.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Wodaabe wana densi mbili tofauti za mashindano. Moja, geerewol, ni ya uzuri wenyewe: sura, urefu, umbo. Nyingine, yaake, ni ya mvuto. Katika yaake wanaume husimama bega kwa bega, wanazungusha macho, wanatetemesha midomo, wanatabasamu meno yote nje, wanapuliza mashavu. Mtu asiyezoea hucheka akiiona mara ya kwanza. Lakini wale wafugaji wameelewa kitu ambacho waongozaji wengi wa video hawajakielewa: uzuri na mvuto ni vitu viwili, kila kimoja kina kipimo chake, na mvuto unakaa usoni, ndani ya macho yanayothubutu kufanya jambo mbele ya watu. Mwanaume wa Wodaabe anajua anahukumiwa na amekubali. Hana pa kujificha. Ujasiri wake uko hapo.

Ujasiri huo una gharama, na nadhani vijana wako wanaihofia bila kuitaja. Rudolph Valentino, nyota wa filamu za zamani zisizo na sauti, alizaliwa mwaka 1895 Castellaneta, kusini mwa Italia, akafika New York mwishoni mwa 1913. Kati ya kazi alizofanya huko ni kucheza densi na wanawake waliolipia kuchezeshwa. Fikiria hiyo ni shule ya namna gani! Mlo wako wa kesho unategemea jinsi mwanamke uliyemshika mkono atakavyojisikia kwa muda wa wimbo mmoja. Alipohamia kwenye filamu akawa anapewa sehemu ndogondogo za watu wabaya, mpaka mwanamke mwandishi wa filamu, June Mathis, alipomng'ang'ania apewe nafasi kubwa katika filamu ya mwaka 1921, The Four Horsemen of the Apocalypse, yenye ile densi ya tango inayozungumzwa hadi leo. Itafute uitazame. Amevaa nguo nyingi kuliko nyie watano mkijumlishwa: kofia, suruali pana ya wachunga ng'ombe wa Argentina, buti. Na bado huwezi kugeuza shingo, kwa sababu macho yake yako kwa mwanamke anayecheza naye, hayambanduki, na hajali kuonekana kwamba anamtamani.

Wanawake walijaza kumbi. Wanaume wengi walimchukia. Julai 1926 gazeti la Chicago Tribune liliandika tahariri ya kumkejeli, likimlaumu kwa mashine ya kuuza poda iliyokutwa katika choo cha wanaume, kana kwamba yeye ndiye amewageuza wanaume wa Marekani kuwa wapaka poda. Alikasirika hadi akamtaka mwandishi wake wapigane ngumi. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Agosti, akafariki baada ya upasuaji wa kidonda cha tumbo, akiwa na miaka 31, na umati ukafurika mitaa ya New York kumuaga. Nikiwaona vijana wanavaa miwani myeusi wakati wa magharibi ufukweni, huwa naikumbuka tahariri ile. Mnaogopa kuandikwa hivyo. Mnaogopa mwanaume mwenzenu atasema mnajiremba. Kwa hiyo mkatengeneza video ya kumtuliza yeye, huku mkidhani mnatengeneza ya wasichana.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani hatukuwa na sababu ya kuazima woga huo. Lugha yetu ina neno mtanashati. Jiulize lina maana gani hasa. Halimtaji mtu mwenye misuli. Linamtaja mwanaume aliyejitunza: kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, kucha safi, harufu nzuri, mwendo wa kupimwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akimtungia bintiye utenzi wa wosia, alimweleza hata namna ya kumtunza mume mwilini, ndevu zake na manukato yake. Unaweza kuusoma wosia ule kama somo la utii, na ndivyo unavyosomwa mara nyingi. Mimi nikifika kwenye beti zile nasikia pia mwanamke anayejua kwa undani mwanaume akipendeza anapendezaje.

Nenda Lamu wakati wa Maulidi ulitazame goma. Wanaume wamepanga mstari, kanzu nyeupe, bakora mkononi, ngoma na zumari vinalia, nao wanasogea kidogo sana, wanayumba, wanainua bakora, wanaishusha. Hakuna anayeruka wala anayetoka jasho kwa makusudi. Nilipowapeleka wanafunzi wangu mara ya kwanza, wavulana walichoka baada ya dakika tano. Wasichana walikaa hadi mwisho, na jioni walikuwa wanabishana kuhusu mzee mmoja wa makamo aliyekuwa wa nne kutoka kushoto. Mmoja wao alisema, "Yule anajua tunamwona, na hana haraka." Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na sijapata maneno mazuri zaidi ya hayo kueleza madaha ya kiume.

Sasa tuje kwenye sinema za Kihindi, maana huko ndiko mama zetu walikojifunza kutazama. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama yangu alikwenda akiwa msichana, na alichokisimulia zaidi kuliko hadithi ya filamu ni ukumbi wenyewe: mabuibui yamelegezwa, wanawake wa rika zote gizani, na hakuna mwanaume wa kuwatazama wanapotazama. Walilia kwa sauti, waliimba na nyota wa filamu Raj Kapoor, walimwonya asiingie mlango ule. Naamini yeyote anayetaka kuelewa jicho la mwanamke aanzie kwenye ukumbi wa namna hiyo. Mwanamke anayetazamwa hutazama kwa kuibia. Akiachwa peke yake hutazama kwa raha zake, na mambo anayoyapenda hubadilika.

Kizazi chetu kilimpata Shah Rukh Khan. Mwanauchumi wa India, Shrayana Bhattacharya, alizungumza kwa miaka mingi na wanawake wa hali mbalimbali kuhusu mapenzi yao kwa nyota huyu, akachapisha kitabu mwaka 2021. Wengi walimpenda kwa namna anavyowasikiliza na kuwatazama wanawake kwenye filamu, na kwa kuonekana akiwa na raha jikoni. Mama zetu wanaikumbuka filamu yake ya mwaka 1995, Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya treni na mashamba ya haradali. Anaingia nyumba ya bibi harusi, anakaa na shangazi na mama wa nyumba ile, anawasaidia kazi, anafunga siku ambayo wake hufunga kwa ajili ya waume zao. Anacheza vizuri, ndiyo, lakini hata mikono ile maarufu anayoikunjua ni mwaliko. Kifua kiko wazi bila kuvuliwa shati.

Usije ukadhani basi siri ni kuvaa shati. Mwaka 2007 mtu huyohuyo, akiwa na miaka 42, alitokea katika wimbo mmoja wa filamu Om Shanti Om akiwa kifua wazi, tumbo limechongwa, anaibuka majini huku maji yakimtiririka. Wanawake walipiga kelele kumbi nzima. Tofauti iko wapi na video yenu? Aliyeongoza filamu ile na kupanga densi zake ni mwanamke, Farah Khan. Kwa miaka mingi alikuwa amepanga nyimbo za filamu ambamo mwanamke ndiye anayetokea majini, ndiye anayelowa mvua, ndiye ambaye kamera inampanda taratibu. Hapa akamweka mwanaume mahali pale pale, na mwanaume akakubali kwa furaha. Anatabasamu. Anacheka na macho. Anajua ni zawadi na anajua inapelekwa kwa nani. Yeye na nyie mlivua mashati sawa, ila yeye alibaki ndani ya mwili wake.

Nirudi kwa mdogo wenu na mama wa vitumbua, maana mngeniuliza mimi nifundishe jambo hili kwa sekunde 40, nisingeweza kupanga vizuri kuliko ilivyotokea.

Anaanza peke yake. Shati linamsumbua mikononi, anafungua vifungo vya mikono na kuikunja mara mbili, bila kuacha kucheza na bila kututazama. Wasichana wangu walilirudisha tukio hilo zaidi ya mengine yote. Usiulize kwa nini viganja na mkono ulio chini ya kiwiko vina nguvu hiyo. Ni mwili unaofanya kazi bila kujitangaza. Kisha anamwona mama, anamnyoshea mkono. Mama anakataa, anatikisa kichwa, ana beseni. Hapa ndipo vijana wengi huharibu: wangemvuta. Yeye anarudi nyuma hatua moja, anapunguza miondoko mpaka inakuwa midogo kabisa, na anasubiri akiwa anacheza. Anamtazama usoni. Mama anatua beseni mwenyewe.

Mama anapoingia, anaingia na mdumange, ngoma ya kwao Lushoto. Mdogo wenu anaacha mtindo wake, ule mliofanyia mazoezi miezi mitatu, anaufuata wa mama. Anakosea. Anacheka, meno nje, anashika kichwa, anajaribu tena. Simu inatikisika kwa sababu binti aliyeishika naye anacheka, na hapo mimi mtazamaji najua nimesimama wapi: nimesimama kwa binti yule, naona kwa macho yake, nami nacheka naye. Jicho la mwanamke kwenye picha ni jambo la kawaida kabisa kama hilo. Kuna mtu amesimama mahali, ana hamu, ana kicheko, na kamera haimfichi. Kwenye video yenu aliyeshika kamera hayupo popote. Kamera imeelea tu juu ya matumbo.

Kwa hiyo, mkirudia ile ya ufukweni, na natamani mrudie kwa sababu mnacheza vizuri sana, hasa mlivyogeuka wote kwenye kiitikio cha pili, fanyeni hivi. Miwani ibaki nyumbani. Mafuta pia, jasho la kweli linajulikana, na mafuta hayajawahi kumdanganya mwanamke anayekaanga kila siku. Mashati mnaweza kuvaa au kuvua, lakini kama mnavua, avue mtu mmoja, kwa sababu ya joto, katikati ya wimbo, na wengine waendelee. Mpigapicha asikate miili vipande. Akae mbali vya kutosha tuone mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, na akisogea karibu asogee usoni. Aikalie picha hiyo. Waongozaji wengi hukata haraka kwa hofu kwamba tutachoka, kumbe sekunde ya tano ya uso ndiyo mtu anapoanza kuonekana.

Kila mchezaji awe na mtu halisi wa kumtazama, amesimama karibu na lenzi. Ukimwambia kijana "tazama kamera" anatengeneza sura. Ukimwambia "mtazame dada yako aliyekuzoea, mchekeshe", uso unafunguka wenyewe. Punguzeni nguvu kwa theluthi moja. Mwili uliokazwa muda wote hauna pa kupumulia, na anayetazama naye hapati pa kupumua. Na kazi ya kuhariri mpeni mwanamke, au angalau wakae watatu mbele ya skrini kabla hamjafunga kazi, nyie mtoke nje ya chumba. Msiwaulize wamependa nini. Sikilizeni ukutani wanacheka wapi na wananyamaza wapi.

Kuhusu wanaume watakaosema mnajiremba: watasema. Wengine ni rafiki zenu. Zungumzeni hilo kabla ya siku ya kurekodi, nyie watano, kwa uwazi, kwa sababu mmoja akiwa na hofu hiyo mwilini itaonekana hata bila miwani. Na asiyetaka kutazamwa hivyo asilazimishwe. Apige ngoma, au ashike kamera.

Nitumieni mtakachopata hata kabla hakijahaririwa. Lakini kabla ya yote hayo, kesho asubuhi akija na beseni lake, mkalisheni yule mama wa vitumbua mumwonyeshe ile klipu na mmwombe ruhusa. Sura yake imeshafika Mombasa, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipoandika kwamba kuna aliyemuuliza.